Mume Akikwambia "Twende Tukaishi China"



Kila msimu wa harusi ukikaribia, kuna swali hunijia kutoka visiwani. Biharusi ameshanitumia vipimo vya gauni lake, tumeshakubaliana lesi na bitana, halafu anashusha sauti kwenye simu: "Dada, mume wangu mtarajiwa yuko kwenye biashara ya China. Anasema tukishaoana tutahamia huko. Si Guangzhou, ni mji mdogo tu, maisha nafuu. Wewe ulikaa. Niende?" Nimelijibu mara nyingi, tena mbio mbio huku wateja wamesimama dukani. Leo nalijibu kwa utulivu.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi cherehani na muuza vitambaa. Duka langu liko Mbulu mjini, mkoa wa Manyara. Shule niliishia kidato cha nne, nikasomea ushonaji Arusha. Mume wangu ni Mpemba wa Wete aliyekuja kwetu kuuza nguo minadani, kwa hiyo kwenu mimi ni wifi. Kuanzia Septemba 2018 hadi Januari 2020 tuliishi Yiwu, China. Yeye alipata kazi katika ofisi ya mizigo, nami nikaenda kama mke wake. Binti yetu wa miaka mitano tulimwacha Mbulu kwa mama yangu. Lishike hilo, maana nitalirudia.

Huo "mji mdogo" ukoje?

Yiwu uko jimbo la Zhejiang, mashariki mwa China. Kutoka Hangzhou, mji mkuu wa jimbo, treni ya mwendo kasi haifikishi hata saa moja. Wachina wenyewe wanauita mji mdogo. Sensa yao ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.8. Mkoa wetu mzima wa Manyara, kuanzia Mbulu na Hanang hadi Kiteto na Simanjiro, ulikuwa na takriban milioni 1.9 katika sensa ya 2022. Kwa hiyo mume akikwambia mji mdogo, usipige picha ya Katesh wala Chake Chake.

Watu wa Yiwu walianza na uchuuzi. Ardhi yao ilikuwa haina rutuba, basi wanaume walizunguka vijijini na kingoma kidogo cha kutikisa mkononi, wakibadilisha sukari kwa manyoya ya kuku. Manyoya mengine yalitengenezewa vifagio vya vumbi, mengine yakawa mbolea. Mwaka 1982 serikali ya pale ikawaruhusu kufungua soko lao waziwazi. Tulipokuwa kule soko lile lilikuwa na vibanda kama 75,000, limegawanywa sehemu 5, na mzigo uliondoka kwa meli kupitia bandari ya Ningbo kwenda dunia nzima. Niliposimuliwa habari ya kingoma nilicheka, maana mume wangu naye alianza hivyo hivyo: leo mnada wa Dongobesh, kesho Haydom, nguo begani.

Kwa sisi wa mambo ya harusi, pale ndipo penyewe. Vishikio vya nywele, vito vya kung'aa, riboni, lesi na mitandio vimejaa. Ukitaka jora za vitambaa hasa, unakwenda Keqiao, upande wa Shaoxing, ambako kuna mji mzima wa vitambaa. Mara ya kwanza kuingia Keqiao nilishika kitambaa kimoja baada ya kingine mpaka vidole vikafa ganzi. Satini, shifoni, krepu, nida ya mabaibui, kila uzito na kila weusi. Ndiyo, weusi una aina zake. Fundi atanielewa.

Tuzungumze hesabu

Tulipanga chumba kimoja chenye jiko dogo na bafu, ghorofa ya nne, hakuna lifti. Kodi yuani 1,300 kwa mwezi. Wakati ule yuani moja ilikuwa kama shilingi 340, kwa hiyo ni kama shilingi 440,000. Rafiki wa mume wangu aliyekuwa Guangzhou, maeneo ya Xiaobei waliko Waafrika wengi, alilipa zaidi ya mara mbili kwa chumba kidogo kuliko chetu. Chakula cha watu wawili, nikipika mwenyewe, kilikuwa yuani 1,200 hivi. Soko la mboga liko jirani, samaki ni wengi, mayai, tofu, mchele, na kitunguu saumu kizuri ingawa hakinukii kama cha Mbulu. Sokoni nilikwenda kwa miguu au basi. Kwa kweli unafuu upo.

Lakini andika na haya kwenye daftari lako. Baridi kwanza. Mimi ni mtu wa Mbulu, nimezaliwa na blanketi, Juni na Julai kwetu watu wanavaa makoti mchana. Bado Januari ya Yiwu ilinitoa machozi. China ya kaskazini nyumba zinapelekewa joto kwa mabomba ya serikali, kusini hakuna utaratibu huo, na Yiwu inahesabiwa kusini. Unapasha chumba kwa umeme wako, na bili unaiona. Hospitali unalipa kwanza ndipo unatibiwa. Simu za nyumbani, tiketi za ndege, na kila kinachohusu viza ni pesa.

Na mambo ya sheria usimwachie mume peke yake. Ukifikia nyumbani badala ya hotelini, lazima ujiandikishe polisi ndani ya saa 24. Mke anayemfuata mume aliyeko kule kwa kazi au masomo, akitaka kukaa zaidi ya siku 180, huombewa viza ya S1, na akishaingia ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Cheti cha ndoa kinachotambulika serikalini kitahitajika, tena kimetafsiriwa na kuthibitishwa. Viza hiyo haikuruhusu kuajiriwa. Mimi nilikuwa nanunua kwa ajili ya duka langu la Mbulu na wateja wa Unguja na Pemba, mzigo unakwenda kwa kontena la kuchangia, mama na mdogo wangu wanapokea.

Mtaji wetu ulikuwa shilingi milioni 18, na 7 kati ya hizo zilikuwa za kaka zake mume wangu. Tuliandikiana mudharaba: faida tugawane, hakuna riba. Hizo tuliapa hazitagusa kodi wala chakula. Tungekuwa mji ghali, mshahara wa mume wangu ungeisha kabla ya tarehe 20, na mkono ungeanza kuelekea kwenye pesa za watu. Unafuu wa Yiwu ulitusaidia kulala na amana bila kuichungulia.

Chakula halali na sala

Hili ndilo mabiharusi wananiuliza kuliko yote. Nguruwe yumo kila mahali, na mafuta yake yanaingia hata kwenye vitu usivyodhani, kama mikate na biskuti. Jifunze neno moja kabla hujapanda ndege: *qingzhen*. Ndilo neno lao la chakula cha Waislamu. Ukiliona kwenye kibao, mara nyingi cha kijani, umepata mahali pa kula. Yiwu kuna mikahawa ya Waarabu, Waturuki na Wahindi kwa sababu wafanyabiashara wa Kiislamu ni wengi, na kuna Wahui, Waislamu wa Kichina, wanaouza tambi za kuvutwa kwa mkono na supu ya nyama ya ng'ombe.

Msikiti wa Yiwu ni mkubwa. Jengo lake kwanza lilikuwa kiwanda cha hariri. Ijumaa unaona kofia za kila namna zikielekea huko. Mimi sala zangu nyingi nilisali chumbani, na nikiwa sokoni niliswali kwenye kona ya kibanda cha mteja wangu wa lesi. Yule mama si Mwislamu, lakini alinitengea nafasi nyuma ya majora na kunitandikia karatasi safi. Kibla kule ni upande wa magharibi. Alishaijua kabla sijamwonyesha, maana wateja wake Waislamu ni wa miaka mingi.

Na hapa niseme jambo kuhusu Mbulu. Kwetu Waislamu ni wachache. Nimekua nikijua kuwa shuleni, sokoni, msibani, nitakuwa mmoja kati ya wengi wasiovaa kama mimi. Kwa hiyo kutazamwa hijabu mtaani hakukunishtua. Mdogo wangu wa Mji Mkongwe, wewe uliyezaliwa unasikia adhana tatu kwa wakati mmoja, jiandae moyo. Kimya cha saa ya Maghribi ni kizito. Saa inafika, simu yako inaadhini peke yake mezani, na nje pikipiki za umeme zinapita tu.

Ramadhani nikiwa peke yangu

Mei 2019 kontena moja lilikwama Dar kwa tatizo la karatasi. Ndani yake mlikuwa na mzigo wa pesa za mudharaba. Mume wangu akalazimika kurudi kulifuatilia. Tuliamini ni siku kumi, ikawa wiki saba. Nikabaki Yiwu na Ramadhani.

Saumu ya kule mwezi wa Mei si kama ya kwetu. Mbulu tunafunga saa zisizotimia 14. Yiwu alfajiri inaingia kabla ya saa kumi usiku na jua linazama karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano jioni, yaani kama saa 15. Njaa niliivumilia. Kilichonipa tabu ni kufuturu nikitazama ukuta.

Siku ya nne nilishuka kununua supu kwa mama mmoja wa Kihui mwenye mgahawa wa tambi chini ya jengo letu. Ametoka Linxia, mkoa wa Gansu. Nilikuwa namwita *dajie*, dada mkubwa, kama wanavyoitana wao. Akaniuliza kwa vidole: mumeo yuko wapi? Nikamwonyesha ndege. Akaondoa fedha zangu mezani, akanirudishia mkononi, akavuta kiti. Toka siku hiyo mpaka Eid nilifuturu jikoni kwake na binti zake wawili. Kichina changu kilikuwa cha kuhesabu mita na bei. Kiarabu chetu sote kilikuwa cha sala tu. Tukaelewana kwa Bismillah na Alhamdulillah, na kwa unga, maana nilimfundisha chapati akanifundisha kuvuta tambi.

Wahui wanamwita Mwislamu mwenzao *duosti*. Neno hilo limetoka Kiajemi, dost, rafiki. Wazee wa visiwani wanaosema dosti watatabasamu. Neno limepanda jahazi likaja kwetu, na limepanda ngamia likaenda kwao.

Yeye ndiye aliyenieleza pia kuwa katika mji wa Kaifeng, jimbo la Henan, kuna misikiti ya wanawake peke yao, inayoongozwa na wanawake wasomi, na ni ya tangu zamani sana. Nilikuwa sijawahi kusikia.

Mji ungekuwa mkubwa zaidi, sijui kama ningeshuka kwenye mgahawa ule ule siku nne mfululizo. Hapo ndipo nilianza kuelewa faida ya mji mdogo ambayo haimo kwenye kodi. Mlinzi wa jengo alijua saa yangu ya kurudi. Muuza mboga alijua sinunui mchuzi wenye divai. Nikichelewa, kuna mtu aliyeuliza. Mwanamke ugenini anahitaji hilo kuliko chumba chenye lifti.

Kisichouzwa Yiwu

WhatsApp haifunguki China, kwa hiyo mdogo wangu alimwekea mama WeChat kwenye simu yake. China imetutangulia saa 5. Mtoto akitoka shule saa nane mchana, kwangu ni saa moja usiku, nimeshapika, nimekaa tayari.

Miezi ya mwanzo alikuwa anaigombania simu. Ananionyesha daftari, ananionyesha jino linalotikisika. Baada ya mwaka mazungumzo yakawa mafupi. Mama yangu ni Mwiraqw, na nyumbani kwake Kiiraqw ndicho lugha, basi mtoto akaanza kunijibu kwa Kiiraqw, kisha anajikumbusha na kurudia kwa Kiswahili, kama mtu anayezungumza na mgeni. Siku moja aliniambia, "Mama sema haraka, bibi ananisubiri tukafunge ndama." Hakuna ubaya ndani ya maneno hayo. Mtoto alikuwa na furaha. Niliweka simu chini nikaendelea kukunja lesi, na usiku ule nikamwambia mume wangu kuwa mwaka mpya wa Kichina viwanda vikifungwa, mimi narudi nyumbani.

Hakupenda. Biashara ndiyo ilikuwa imeshika, na kaka zake walikuwa wameshapata faida yao ya kwanza. Akasema tumlete mtoto. Tukaiweka shule ya kule kwenye hesabu, na ule unafuu wote ukayeyuka kwenye karatasi moja. Tulijadiliana wiki tatu, bila kelele, mpaka akakubali tuondoke wote kwa likizo, yeye akirudi peke yake mwezi wa tatu.

Jora 11

Tuliondoka mwanzoni mwa Januari 2020. Chumbani tuliacha cherehani yangu na jora 11 za lesi na satini. Nne kati yake zilikuwa za mabiharusi walioshalipa. Nyinyi mnajua kilichofuata. Ugonjwa wa korona, na kuanzia tarehe 28 Machi 2020 China ikazuia wageni kuingia, hata wenye viza halali. Mwenye nyumba, ambaye alikuwa na haki yake, akataka chumba.

Nilimpigia dajie. Nikamwambia kwa Kichina changu kibovu: vitu vyangu. Hakunipa hotuba. Kesho yake nikapata picha: jora 11 zimepangwa juu ya meza za mgahawa, mgahawa wenyewe hauna mteja hata mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa hauzi, na bado alilipia kibarua wa kushusha mzigo ghorofa nne. Njia zilipofunguka akaupeleka ofisi ya mizigo. Agosti vikafika Mbulu: jora 11, cherehani, na pakiti ya zabibu kavu iliyofungwa ndani ya satini. Harusi nne zikavaa. Moja ilikuwa Mkoani, na biharusi huyo anasoma hapa. Deni la kibarua tulimlipa, ingawa alibishana.

Mume wangu alikaa Mbulu mpaka China ilipofungua tena milango Januari 2023. Sasa anakwenda mara mbili kwa mwaka, wiki tatu tatu, na mara moja naongozana naye. Binti yetu ameshakua, Kiswahili kimerudi, na ndama bado wanamhusu.

Sasa nikujibu, mdogo wangu

Nenda, ukiwa na majibu. Kabla ya akdi, walii wako akiwepo, muulize mwenzio mambo haya bila aibu. Viza yangu ni ya aina gani, na nani anashika pasipoti yangu? Tunakaa muda gani, na nani ataamua kurudi? Ukisafiri wewe, mimi nabaki na nani? Tukijaaliwa mtoto, atalelewa wapi? Pesa ya tiketi yangu ya kurudi iko kwa nani? Akisema "tutaona mbele kwa mbele," mwambie tuone sasa. Kama mnataka jambo liwe sharti ndani ya ndoa, muulizeni shekhe wenu mapema, msingoje siku ya hina.

Ukifika, chagua mgahawa mmoja, soko moja, njia moja, uzoeleke. Wape watu nafasi ya kukujua. Wasalimie hata kama wanakucheka matamshi. Kodi nafuu itakuwekea pesa, lakini wanaokujua ndio watakaokuwekea amana.

Na wale mnaooa ndani ya miezi mitatu, leteni vipimo sasa. Lesi iko njiani.

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu, awalinde mkiwa mjini na mkiwa safarini. Amin.